Uliza Ujibiwe: Rampu Isiyopandika na Barua Isiyojibiwa

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wakazi waliokwisha kulalamika kwa halmashauri ya jiji lao, na hawakupata kitu. Tulipozisoma kwa makini tuliona mambo yanayojirudia: lalamiko halina kipimo, halitaji mahali hasa, au limepelekwa kwa ofisi isiyomiliki kitu kinacholalamikiwa. Mhandisi akipata karatasi iliyoandikwa "barabara yetu ni mbaya", hana kazi anayoweza kumpa fundi. Akipata "ukingo wa sentimita 15, kona ya kaskazini, hauna rampu", yaani mteremko wa kupandishia kiti cha magurudumu, kazi anayo tayari. Basi chukueni futi kamba.

Rampu imejengwa, lakini haipandiki

*Mwanangu anatumia kiti mwendo. Tulipolalamika, jiji likajenga rampu kwenye kona ya njia ya waenda kwa miguu karibu na shule. Hata hivyo nalazimika kumsukuma kwa nguvu zangu zote, magurudumu ya mbele yanakwama pale chini, na mvua ikinyesha maji yanatuama hapo hapo. Mafundi wanasema kazi imekwisha. Niwaambie nini? – Mama wa mwanafunzi*

Pole, mama. Hapo kuna kasoro tatu, na kila moja ina kipimo chake. Zipime zote kabla hujaandika.

Ya kwanza ni mwinuko. Kiwango kinachotumika katika nchi nyingi ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo ukingo wa sentimita 15 unahitaji rampu ya sentimita 180. Mafundi wakibanwa na nafasi huifupisha ikawa 90 au 100, na hapo ndipo mtoto anashindwa kupanda mwenyewe, na akiteremka kiti kinaweza kumtupa mbele. Kuupima, tafuta ubao ulionyooka wa sentimita 120 na pima maji ya waashi. Laza ubao juu ya rampu kufuata mteremko, ncha moja ibaki imegusa upande wa juu, kisha inua ncha ya chini hadi kiputo cha pima maji kikae katikati. Pengo lililopo kati ya ncha hiyo na rampu ndilo jibu lako. Likizidi sentimita 10, kiwango kimevukwa. Rampu ikiwa fupi kuliko ubao, tumia wa sentimita 60, na kikomo kiwe sentimita 5. Ukimaliza, geuza ubao huo huo ukae kwa upana wa rampu. Upande mmoja usiwe chini ya mwingine kwa zaidi ya sentimita 1.2 kwa kila sentimita 60 za ubao, maana ikizidi hapo kiti huvutwa pembeni na anayekiendesha huchoka mkono mmoja.

Ya pili ni kile kingo kidogo kinachobaki pale rampu inapokutana na lami. Magurudumu ya mbele ya kiti mwendo ni madogo. Kimo cha milimita 6 tu kinatosha kuyasumbua, na kikifika sentimita 2 yanakwama kabisa. Mara nyingi hutokea kwa sababu rampu imemwagwa zege kwa kufuata kimo cha lami ya mwisho, halafu tabaka hilo la mwisho halikuwekwa.

Ya tatu ni maji. Yakituama chini ya rampu, tundu la mtaro limewekwa mahali pasipofaa: ama liko mbele ya rampu, ama liko juu kuliko sehemu inayokusanya maji. Tundu linatakiwa liyapokee maji kabla hayajafika kwenye rampu. Usikubali wakutobolee shimo katikati ya rampu na kulifunika kwa chuma chenye matundu mapana. Panapolazimika kuwa na kifuniko cha namna hiyo, upana wa matundu usizidi milimita 13, na kama ni marefu yapite kukatisha mwendo wa gurudumu, yasifuate mwendo huo.

Sasa la kuwaambia. Mikataba mingi ya ujenzi ina kipindi cha uangalizi wa kasoro, aghalabu miezi 6 au 12 tangu kazi ilipokabidhiwa, na sehemu ya malipo ya mkandarasi hushikiliwa hadi kiishe. Ndani ya kipindi hicho anarekebisha kwa gharama yake. Kikipita, jiji litatafuta fedha upya, na hapo utasubiri sana. Kwa hiyo ulizia tarehe ya makabidhiano, andika vipimo vyako vitatu, ambatanisha picha tatu zinazoonyesha futi kamba ikiwa imewekwa mahali penyewe, na omba mhandisi aje apime mbele yako. Ndiyo, mbele yako. Ubao na pima maji havina upande.

Kila nikienda naambiwa "tunashughulikia"

*Kifuniko cha shimo la maji taka karibu na zahanati kimevunjika. Nimepiga simu, nimekwenda ofisini, nimemwona hata diwani. Jibu ni moja tu: tunashughulikia. Shimo bado liko wazi. – Mstaafu*

Shikamoo mzee wetu. Shimo wazi ni hatari ya leo, kwa hiyo lianzie kwenye dawati la dharura kabla ya barua yoyote. Sema kina chake, sema kwamba lipo kwenye njia ya watu, kisha chukua jina la aliyepokea simu, saa, na namba ya taarifa. Majirani wakitaka kuweka alama, waweke kitu kizito chenye umbo linaloanzia chini, kama pipa. Tawi lililochomekwa shimoni halimsaidii mtu anayetembea kwa fimbo nyeupe: fimbo inapita chini ya majani na mguu unafuata.

Pili, hakikisha mwenye shimo ni nani. Barabara inaweza kuwa ya jiji na kifuniko kikawa cha mamlaka ya maji, cha kampuni ya simu au cha shirika la umeme. Tazama kifuniko chenyewe au kile cha jirani. Vingi vimechorwa herufi za mwenyewe kwenye chuma. Ukiandikia idara isiyohusika, barua inaweza kulala kwenye jalada bila mtu kufanya kosa lolote. Usipokuwa na uhakika, ziandikie ofisi zote mbili na utaje katika kila barua kwamba nyingine imepewa nakala. Hakuna ofisi inayopenda kuonekana ndiyo iliyokaa kimya.

Tatu, barua yenyewe. Tatizo moja, barua moja. Ukichanganya kifuniko, takataka na taa, barua itakwenda idara moja na mengine mawili yatapotea. Kichwa kieleze kila kitu, kwa mfano:

*YAH: KIFUNIKO CHA SHIMO KILICHOVUNJIKA, NJIA YA WAENDA KWA MIGUU MBELE YA ZAHANATI, MITA 6 KUTOKA NGUZO YA TAA NAMBA 214*

Chini yake mistari michache inatosha: ukubwa wa tundu, kina, tangu lini, nani anapita hapo, taarifa zako za awali na namba zake, na unachoomba kifanyike. Hasira, hata ikiwa ya haki, iache nje ya karatasi, kwa kuwa inampa msomaji wa ofisini kitu kingine cha kujibu badala ya shimo. Peleka nakala mbili masjala, yaani ofisi inayopokea na kutunza barua, wala usiiache mezani kwa ofisa. Moja ibaki kwao, nyingine urudi nayo ikiwa na mhuri wa kupokelewa, tarehe na namba ya kumbukumbu. Nakala hiyo ndiyo silaha yako. Bila hiyo, mwezi ujao utaambiwa barua haikuonekana, na hutakuwa na la kusema.

Ukijibiwa tena "tunashughulikia", jibu kwa maandishi, ukinukuu namba ya kumbukumbu, na uulize mambo matatu: nani amekabidhiwa, atamaliza tarehe gani, na kazi inalipiwa kutoka kasma ipi, yaani fungu gani la bajeti. La tatu ndilo linalofichua ukweli. Kazi isiyo na kasma haijaanza kushughulikiwa. Kisha panda ngazi kwa utaratibu: mkuu wa idara, mkurugenzi, kamati ya madiwani, na mwisho ofisi huru inayochunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali, pale ilipo. Sweden iliunda ofisi ya namna hiyo mwaka 1809 na nchi nyingi zimefuata. Kwa kawaida ofisi hizi hutaka kwanza kuona kwamba umemaliza ngazi za chini, na hapo ndipo zile nakala zenye mihuri zinapofanya kazi.

Taa inabadilika nikiwa katikati ya barabara

*Natembea kwa mkongojo. Kwenye kivuko cha barabara kuu, nikifika nusu ya njia, magari yameanza kupiga honi. – Bibi wa wajukuu wanne*

Bibi, lalamiko hili lina hesabu yake, na ukiifanya wewe mwenyewe mazungumzo yanabadilika. Mwombe mjukuu mmoja apime upana wa barabara kutoka ukingo hadi ukingo, wakati ambapo hakuna magari. Mwingine ashike simu apime sekunde za kijani, kisha sekunde za kupepesa, kila moja peke yake. Kijani ni ruhusa ya kuanza kuvuka. Kupepesa ni muda wa kumalizia kwa aliyekwisha kuanza. Mhandisi atahesabu vyote viwili, kwa hiyo nawe uwe navyo. Wapime asubuhi, mchana na jioni, maana mitambo mingi ina ratiba tofauti kwa saa za msongamano.

Kwa miaka mingi wahandisi walipanga taa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Mwongozo wa taifa wa Marekani uliushusha mwaka 2009 hadi mita 1.07 hivi, kwa kuwa watu wengi hawafiki kasi ile. Wazee wengi na wanaotumia mikongojo hutembea karibu na mita 0.8. Tuseme barabara ina mita 16. Kwa mwendo wa 1.2 inahitaji sekunde 13 na nukta kadhaa, kwa mwendo wa 0.8 inahitaji 20. Tofauti hiyo ya sekunde 7 ndiyo inayokuacha katikati.

Katika barua omba kwanza muda uongezwe, ukitaja sekunde unazotaka. Mara nyingi kazi hiyo hufanyika ndani ya kisanduku cha mtambo bila kuchimba chochote. Huenda ukaambiwa taa za barabara nzima zimefungamanishwa ili magari yasisimame ovyo, na kwamba kuongeza kwako kutavuruga nyingine. Ni hoja ya kweli, lakini haifungi mlango. Omba basi kisiwa katikati ya barabara, chenye upana wa mita 2 au zaidi ili mtu aliye kwenye kiti mwendo na anayemsukuma watoshe, na kiwe kimekatwa usawa wa lami ili pasiwe na cha kupanda. Zaidi ya hayo, omba waenda kwa miguu wapewe kijani sekunde 3 hadi 7 kabla ya magari yanayokata kona. Hilo halikuongezei muda mwingi, ila linamfanya dereva akuone umekwisha ingia barabarani.

Vigae vya wasioona vinaishia kwenye nguzo

*Sioni. Jiji limetandika vigae vyenye vinundu na mistari, lakini vimeniongoza mara kadhaa hadi kwenye nguzo ya umeme. Je, vina maana yoyote? – Msomaji anayetumia fimbo nyeupe*

Vina maana, na aliyevitandika ndiye hakuijua. Mistari mirefu iliyoinuka husema "fuata huku". Vinundu vya mviringo husema "simama, kuna kitu": ukingo wa barabara, ngazi, njia panda. Vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, na vya kwanza vilitandikwa katika mji wa Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona.

Makosa tunayoyaona ni yale yale. Fundi anatandika mistari na vinundu kama pambo, kwa zamu. Njia ya mistari inapita pembeni mwa nguzo kwa nafasi ndogo mno, ilhali inafaa iachiwe angalau sentimita 60 kila upande. Rangi ya kigae inalingana na sakafu, na mwenye uoni hafifu, ambaye angefuata rangi, hapati kitu. Na lipo moja ambalo watu wachache hulitambua: vigae vinapopita juu ya kifuniko cha shimo, kifuniko hicho nacho hubandikwa kipande cha mistari. Mafundi wa simu au maji wakikifungua na kukirudisha kikiwa kimegeuka robo mzunguko, mstari unakuelekeza barabarani. Ukikuta hivyo, hiyo ni dharura, iripoti siku hiyo hiyo.

Katika barua usiseme tu "vigae vimekosewa". Mwombe mtu akupigie picha kutoka nyuma, fimbo yako ikiwa juu ya mstari na nguzo ikionekana mbele. Omba ama nguzo ihamishwe, ama mstari ugeuzwe. Kugeuza mstari ndiyo kazi nyepesi, kwa hiyo usikubali nguzo itumike kama kisingizio cha kukaa miaka miwili.

Taa za mtaani

*Taa za mtaa wetu hazieleweki. Nyingine zimezima, nyingine zinawaka mchana. Nani wa kuambiwa? – Mfanyabiashara wa usiku*

Idara ya taa, na uwaambie namba za nguzo, ambazo kwa kawaida huwa kwenye kibao kidogo kwenye kimo cha macho. Eleza pia dalili, maana fundi hubeba vifaa kulingana na dalili. Taa moja ikizima, shida huwa kwenye balbu au fyuzi ya nguzo hiyo. Mstari mzima ukizima, tazama waya au kisanduku cha kuwashia. Inayowaka mchana ina hitilafu kwenye kihisi mwanga. Taa ya rangi ya machungwa inayowaka, kuzima, kisha kuwaka tena baada ya dakika chache, balbu yake imezeeka. Na ukiona kile kimlango cha chini ya nguzo kiko wazi na waya zinaonekana, usiandike barua: piga simu ya dharura na uwaondoe watoto hapo.

Tukusanye saini?

*Sisi ni kikundi cha wakazi wenye ulemavu. Tunataka rampu kwenye kona zote za mtaa mkuu. Wenzetu wanasema tukusanye saini elfu moja. – Katibu wa kikundi*

Ndugu katibu, inategemea anayeamua ni nani. Kurekebisha rampu moja ni uamuzi wa mhandisi, na saini elfu hazimwongezei kitu. Kona zote za mtaa mkuu ni uamuzi wa bajeti, na bajeti hupitishwa na madiwani. Kwao saini zina uzito, lakini zenye anwani za wapiga kura wa eneo husika, na zikifika kabla makadirio ya mwaka hayajafungwa. Zikifika wiki moja baadaye mmepoteza mwaka mzima. Ulizeni leo tarehe ya mwisho ya idara kupeleka mapendekezo yake. Kama jiji lenu lina utaratibu wa wakazi kupanga sehemu ya bajeti, uliovuma kutoka Porto Alegre, Brazil, tangu mwaka 1989, ingieni humo na orodha iliyo tayari.

Kuhusu orodha hiyo, ushauri wetu ni huu, na tunausisitiza: ombeni njia, msiombe kona. Chagueni safari moja ambayo watu huifanya kweli, tuseme kutoka kituo cha basi hadi hospitali, na mkague kila hatua. Kona tisa zenye rampu na ya kumi isiyo nayo ni safari isiyowezekana. Jiji likiachiwa lichague lenyewe, huenda likajenga zile rahisi tu, moja huku na moja kule, na hakuna atakayefika popote. Kwa kila kona andikeni kimo cha ukingo, upana wa njia (sentimita 120 ni kiasi cha chini cha kustahimilika, 180 ndio viti viwili vinapishana), vizuizi vilivyopo, na picha. Kisha mwalikeni mhandisi mtembee naye njia hiyo, akiwa kando ya mtu anayetumia kiti mwendo kila siku.

Ulizeni vilevile lini mtaa huo utawekwa lami upya. Huo ndio wakati nafuu kuliko wote, kwa sababu mitambo na mafundi wako pale pale. Nchini Marekani mahakama ya rufaa iliamua mwaka 1993, katika kesi iliyotoka Philadelphia, kwamba jiji likiweka lami upya lazima liweke na rampu. Kwenu sheria inaweza kuwa tofauti, lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unataja barabara waziwazi katika ibara ya 9, na ibara ya 4 inazitaka serikali zishauriane na watu wenye ulemavu wenyewe. Kama nchi yenu imeuridhia, utajeni kwenye aya ya mwisho ya barua, kwa sentensi moja, baada ya vipimo.

Mkutano wa hadhara usio na mkalimani

*Mimi ni kiziwi. Jiji huitisha mikutano ya kusikiliza kero, lakini hakuna mkalimani wa lugha ya alama. Nikiandika karatasi inasomwa mwishoni au haisomwi. – Msomaji kiziwi*

Omba kwa maandishi mara tu tangazo linapotoka, kwa katibu wa mkutano, na upate uthibitisho wake. Ukiomba siku ya mkutano utaambiwa, na kwa haki, kwamba wakalimani hawapatikani kwa saa moja. Taja idadi: mkutano ukizidi saa moja wanahitajika wawili, kwani hupokezana kila dakika 20 hivi, akiachwa mmoja, atachoka na wewe utaanza kupokea nusu ya maneno. Taja mahali pa kukaa: mkalimani awe karibu na msemaji, uso na mikono vikiwa kwenye mwanga, nyuma yake pasiwe na dirisha. Wewe ukae mbele, umwone yeye na msemaji kwa pamoja.

Jiandikishe kuzungumza, usitegemee karatasi. Muda huwa mfupi, mara nyingi dakika 2 au 3, kwa hiyo mpe mkalimani hoja zako mapema pamoja na majina ya mitaa, ambayo huchukua muda kuyatamka kwa herufi za vidole. Wakikataa, omba wakujibu kwa barua wakieleza sababu, na barua hiyo uifungulie jalada lake, kwa sababu hilo sasa ni lalamiko la pili linalojitegemea. Baada ya mkutano omba muhtasari na uukague: jina lako, hoja yako, na ofisa aliyeagizwa kuifuatilia. Muhtasari ukitoka bila hoja yako, andika kuomba urekebishwe kabla haujathibitishwa kwenye kikao kinachofuata.